Kabla ya Kulipia Tuisheni ya SAT

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na kuamua kuomba vyuo vya Marekani, hakuja kwangu kutaka ushauri. Alikuja kutaka ada. Kituo cha tuisheni ya SAT, mtihani wa Kiingereza na hisabati ambao vyuo vya Marekani huutumia kudahili, alikuwa ameshakichagua, ratiba ya vipindi ameshaipata, na kilichobaki ni mjomba kutoa fedha. Nikatoa. Wiki ya tatu nikamwomba anioneshe anachosoma, akaniletea bunda la vivuli vya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtihani wa zamani wa karatasi, chenye orodha ndefu za misamiati ya kukariri na onyo kwamba kila jibu lisilo sahihi humkata mtahiniwa robo ya alama. Makato hayo yaliondolewa mwaka 2016, na kwa watahiniwa walio nje ya Marekani mtihani wa karatasi wenyewe ulianza kuachwa Machi 2023. Binti alikuwa anafundishwa, kwa fedha zangu, kuacha wazi maswali katika mtihani ambao swali lililoachwa wazi ni alama iliyotupwa.

Nakilaumu kile kituo, lakini najilaumu zaidi mimi mwenyewe, kwa kuwa nilinunua dawa kabla mgonjwa hajapimwa. Nayaandika haya kwa mtahiniwa, na kwa mzazi au mlezi atakayetoa fedha, ili uamuzi wa kujisomea, kutafuta mwalimu, kujiunga na darasa au kusoma kwa kikundi ufanyike baada ya vipimo.

Hakikisha kwanza kwamba unauhitaji

Si kila chuo cha Marekani kinadai SAT. Baada ya janga la UVIKO-19 vyuo vingi viliufanya mtihani huu kuwa wa hiari, na vile vya mfumo wa Chuo Kikuu cha California haviangalii kabisa alama zake wakati wa kudahili. Kwa upande mwingine MIT iliurudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech vilitangaza kufanya hivyo, ingawa Yale ilipotangaza iliwaruhusu waombaji kuleta badala yake matokeo ya mitihani mingine ya ACT, AP au IB. Andika majina ya vyuo sita au saba unavyokusudia kuomba, fungua ukurasa wa udahili wa kila kimoja, kisha mbele ya jina la chuo andika neno moja: lazima, hiari, au hapana. Kazi hiyo huchukua jioni moja tu, na nimewaona vijana wawili waliogundua jioni hiyohiyo kwamba hawakuwa na sababu ya kufanya mtihani wowote.

Ikiwa orodha yako imejaa neno "hiari," maoni yangu ni kwamba mwombaji anayetoka katika shule isiyojulikana huko, na anayehitaji chuo kimlipie sehemu kubwa ya gharama, ananufaika na alama nzuri kuliko mwenzake wa shule yenye jina, kwa sababu msomaji wa maombi yake hana kipimo kingine alichokizoea. Kumbuka pia kwamba kwa anayefanyia Afrika Mashariki ada ya mtihani inazidi dola 100 za Kimarekani. Msamaha wa ada upo, lakini umetengwa kwa wanafunzi wa kipato kidogo walioko Marekani na kwa raia wa Marekani wanaoishi nje. Kijana wa familia ya wakimbizi kutoka Kongo anayesoma shule ya serikali huko Louisville au Des Moines, Marekani, na amuulize mshauri wa shule yake kabla ya kulipa chochote.

Mtihani wenyewe ulivyo

SAT ya sasa hufanywa kwa kompyuta, kupitia programu ya Bluebook inayotolewa na College Board, shirika la Marekani lenye mtihani huu, na huchukua saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko ya dakika 10. Sehemu ya kusoma na kuandika Kiingereza ina maswali 54 kwa dakika 64, na sehemu ya hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70. Kila sehemu hutoa alama kati ya 200 na 800, na jumla huwa kati ya 400 na 1600. Kila sehemu pia imegawanywa katika moduli mbili, na jinsi ulivyojibu moduli ya kwanza ndivyo kompyuta inavyoamua kama ya pili iwe ngumu au nyepesi. Anayeangukia moduli nyepesi hawezi tena kufika kwenye alama za juu kabisa, hata akipata kila swali lililo mbele yake. Kwa hiyo makosa ya haraka katika moduli ya kwanza yana gharama mara mbili, na mwalimu anayekuambia "anza kwa kasi, utarekebisha baadaye" ama hajauona mtihani huu au ameusahau.

Vifungu vya kusoma ni vifupi, kati ya maneno 25 na 150, na kila kifungu kina swali moja tu. Katika hisabati kikokotoo cha Desmos, chenye uwezo wa kuchora grafu, kimo ndani ya programu kwa maswali yote. Bluebook haifanyi kazi kwenye simu; inahitaji kompyuta ya Windows au Mac, iPad, au Chromebook inayosimamiwa na shule. Kwa vijana wengi wa kwetu, ambao kifaa chao pekee ni simu, sharti hili la mwisho ndilo linaloamua njia ya maandalizi kabla ya jambo jingine lolote, na nitalirudia.

Jipime, kisha soma makosa yako

Ndani ya Bluebook mna mitihani kamili ya majaribio, bila malipo, iliyotungwa na haohao wanaotunga mtihani halisi. Chagua Jumamosi, keti mezani saa mbili asubuhi, simu iwe chumba kingine, na ufanye mtihani mzima kwa mkao mmoja, usiinuke hata mgeni akibisha hodi. Usijiandae. Alama utakayoipata haitafurahisha, wala haina umuhimu mkubwa siku hiyo. Unachokitafuta ni makosa. Mitihani hiyo ni michache, kwa hiyo usiimalize yote katika mwezi wa kwanza kwa hamu ya kuona alama zikipanda.

Siku inayofuata chukua daftari, na kwa kila swali ulilokosa andika sababu kwa maneno yako mwenyewe. Utakuta sababu nyingi zinaingia katika mafungu manne: sikulijua jambo lenyewe, nililijua lakini sikuelewa swali linataka nini, nilifanya haraka, muda uliniishia. Usiandike "uzembe" ukaishia hapo, maana uzembe ni jina tunalolipa kosa tusilotaka kulichunguza.

Daftari la mpwa wangu lilitufundisha sote wawili. Alikuwa anajua Kiingereza vizuri, lakini sehemu kubwa ya makosa yake ya uandishi ilikuwa katika alama za uakifishaji, na alipokuwa akiyapitia akaniuliza, "Mjomba, mbona hii sentensi haina kosa?" Nikaisoma, na kweli, kwa sikio la Mswahili haikuwa na kosa. Sisi husema na kuandika "Alifika, akaketi, hakusema neno" na mkato unatosha kuziunganisha kauli hizo tatu. Kiingereza sanifu hakikubali sentensi mbili kamili, kila moja na kiima chake na kitenzi chake, kushikanishwa kwa mkato peke yake. Hudai nukta, nukta mkato, au kiunganishi. SAT huliuliza jambo hili kila mara kwa sura tofauti. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili anaweza kufanya mazoezi mia moja bila kuona tatizo liko wapi, kwa kuwa sikio lake linamwambia kila kitu kiko sawa. Alipoelezwa kanuni hiyo kwa dakika kumi, na kupewa sentensi ishirini za kujaribu, makosa ya aina hiyo yalipungua hadi moja au mawili.

Fungu la pili la makosa yake lilikuwa maneno anayoyajua kwa maana moja tu. Neno "qualify" kwake lilikuwa kufuzu. Katika kifungu lilimaanisha kuiwekea kauli mipaka, kwa mfano mwandishi anapokubali hoja na kuongeza kwamba si kwa hali zote. Orodha za misamiati migumu zisingemsaidia hata kidogo, kwa sababu neno lenyewe halikuwa geni kwake.

Katika hisabati mambo yalikuwa kinyume cha tulivyodhani. Mwanafunzi wa PCM amekwenda mbali kuliko SAT inavyodai, kwani mtihani huu hauna kalkulasi kabisa: takriban asilimia 35 ya maswali ni aljebra ya milinganyo ya mstari, asilimia 35 nyingine ni aljebra ya juu yake, na zilizobaki zimegawanywa kati ya jometri pamoja na trigonometria, na uchambuzi wa data. Alikuwa anapoteza alama katika data, hasa maswali yanayouliza matokeo ya sampuli fulani yanaweza kuelezea kundi gani na yasiyoweza kuelezea. Maswali hayo hayana hesabu ndani yake, ni kusoma. Aliyesoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) na kuliacha somo la hisabati kidato cha nne atakuwa na daftari lenye sura nyingine kabisa, na ndiyo sababu watu wawili wa nyumba moja hawapaswi kununuliwa tuisheni moja.

Kuchagua njia

Daftari likiwa na makosa ya mitihani miwili ya majaribio, uchaguzi huwa rahisi kuliko matangazo yanavyotaka tuamini.

Makosa yako yakiwa yamejikusanya katika mada chache zinazojulikana, jisomee. Tovuti ya masomo ya Khan Academy, kwa ushirikiano na College Board tangu mwaka 2015, hutoa masomo na mazoezi ya SAT bila malipo, yakiwa yamepangwa mada kwa mada, na hufunguka hata kwenye simu. Gharama yako itakuwa bando na muda. Fanya mada uliyoikosa, si ile unayoipenda. Kijana anayejua milinganyo atafanya milinganyo mia mbili kwa furaha na kuikimbia takwimu, kisha atashangaa alama hazisogei.

Jifunze pia lini Desmos inasaidia. Ukiulizwa mahali ambapo y = x² − 4x + 7 inakutana na y = 2x − 1, ziandike zote mbili kwenye kikokotoo, na nukta (2, 3) na (4, 7) zinaonekana kabla hujamaliza kuandika hatua ya kwanza kwa mkono. Lakini ukiulizwa ni thamani gani ya c inayoifanya x² − 6x + c = 0 iwe na jibu moja tu, anayejua kwamba 36 − 4c lazima iwe sifuri ameshaandika 9 wakati mwenzake bado anasogeza kitelezi cha grafu. Wastani wa muda kwa swali la hisabati ni kama sekunde 95, na tofauti ya namna hii ikijirudia mara kumi ndiyo dakika ulizozikosa mwishoni.

Mwalimu binafsi anafaa pale ambapo makosa yako ni ya aina usiyoweza kuyaona mwenyewe, kama ule mkato wa mpwa wangu, au pale unapolijua jambo na bado unakosa swali. Huhitaji saa nyingi za mwalimu wa namna hiyo. Saa sita au nane zilizotumiwa juu ya daftari lako zinazidi miezi miwili ya kufundishwa kila kitu tangu mwanzo. Kabla ya kulipa, mpe swali moja ulilokosa na umsikilize. Mwalimu mzuri hukuuliza kwanza kwa nini ulichagua jibu ulilolichagua. Yule anayekimbilia kukuonesha jibu sahihi hana alichokuongezea zaidi ya maelezo yaliyomo tayari ndani ya programu. Muombe pia afungue Bluebook mbele yako. Ikiwa anatafuta namna ya kuingia, ondoka kwa heshima. Na anayekuahidi ongezeko la alama 300 kabla ya kuona hata mtihani wako mmoja anauza matumaini.

Darasa la kituo linabaki na nafasi yake, na sipendi linavyodharauliwa na watu wenye umeme usiokatika. Mtahiniwa asiye na kompyuta nyumbani, anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, au asiyeweza kukaa mezani bila kusimamiwa, atapata kituoni meza, kifaa na ratiba, na hivyo vitatu vina thamani kuliko somo lenyewe. Uliza tu mambo mawili: mazoezi yanafanywa kwenye kompyuta au kwenye vivuli, na kila mwanafunzi ana kifaa chake au wanapokezana. Anayesoma kwenye karatasi kwa miezi mitatu na kukutana na kioo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani amejiandaa kwa mtihani mwingine.

Kikundi cha watu watatu au wanne ni njia ninayoipenda kuliko zote kwa wasio na fedha, kwa sharti moja: kila mtu afanye mtihani wa majaribio peke yake, ndipo mkutane kulumbana juu ya majibu. Kumweleza mwenzako kwa nini chaguo la tatu si sahihi ni kazi ngumu kuliko kulijua lile lililo sahihi. Nchini Kenya mradi wa KenSAP, ulioanza mwaka 2004 na ambao mmoja wa waanzilishi wake ni Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya mwaka 1972, huchagua vijana waliofanya vizuri sana katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuwaandaa pamoja kwa SAT na kwa maombi ya vyuo. Nafasi zake ni chache. Kwa asiyepata nafasi ya namna hiyo, vituo vya EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanaotaka kusoma huko, vilivyoko Nairobi na Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuuliza maswali kabla ya kutoa shilingi yoyote.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna kati ya njia hizi inayoliponya kwa haraka, nalo ni kutokuwa na mazoea ya kusoma Kiingereza. Ikiwa unasoma kifungu cha maneno mia mara tatu na bado hujui mwandishi anadai nini, mbinu za mtihani hazitakufaa, na mwalimu anayekuuzia mbinu anakupotezea wakati. Soma kila siku kurasa chache za makala za sayansi, historia na uhakiki wa fasihi, na baada ya kila makala andika sentensi moja, hata kwa Kiswahili, inayosema mwandishi anadai nini na kwa ushahidi gani. Hiyo ni kazi ya miezi sita na zaidi. Mwenye wiki sita tu zilizobaki, na tatizo lake ni hili, ningemshauri aahirishe mtihani, au achague vyuo ambavyo mbele ya majina yake aliandika "hiari."

Kalenda na kifaa

Mtanzania anayefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei asijaribu kubeba SAT juu yake. Miezi inayofuata ina nafasi, ingawa anayeitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria lazima aitoe miezi ya kambini katika hesabu yake. Mkenya anayemaliza KCSE mwezi Novemba ana nafasi pana zaidi, kuanzia Machi. Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema mwanzoni mwa Novemba na ya kawaida karibu na mwanzo wa Januari, kwa hiyo panga mtihani wa kwanza uwe Agosti hivi, ili ukilazimika kurudia uwe na nafasi kabla ya mwaka kuisha. Jisajili mapema, kwa maana vituo vya Afrika Mashariki ni vichache na nafasi hujaa. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na pasipoti halali yenye jina lilelile ulilojisajilia, na kijana ambaye bado anahangaikia cheti cha kuzaliwa aanze na hicho kabla ya aljebra.

Usipokuwa na kompyuta, College Board hupokea maombi ya kuazima kifaa, lakini uombe si chini ya siku 30 kabla ya mtihani. Ukiazima kwa ndugu, iazime na kwa ajili ya mazoezi, ili siku hiyo usiwe unatafuta kitufe. Intaneti ikikatika katikati ya mtihani endelea na kazi: Bluebook huhifadhi majibu kwenye kifaa, na mtandao unahitajika tu kuanzia na kutuma majibu mwishoni. Betri ndiyo ya kuhofia. Mpwa wangu alikwenda na kompyuta ya kaka yake, yenye betri iliyokuwa ikikaa saa moja na nusu, tukalazimika kumnunulia waya mrefu wa umeme Ijumaa jioni.

Ukishapata matokeo ya kwanza, yalinganishe na mitihani ya majaribio ya mwezi wa mwisho. Yakiwa chini yake kwa kiasi kikubwa, rudia, kwa kuwa siku yenyewe ndiyo iliyokuangusha, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka mikao tofauti. Yakiwa sawa na majaribio, kurudia bila kubadili njia ya maandalizi kutakuletea alama zilezile kwa ada nyingine ya dola zaidi ya 100. Mpwa wangu alirudia mara moja, akapanda katika lugha na kubaki palepale katika hisabati, na alipoomba kurudia mara ya tatu nilimwambia Jumamosi zilizobaki azitumie kuandika insha zake za maombi, ambazo hadi wakati huo hakuwa ameandika hata moja.